Bakuli la Jirani wa Juu

Mikono ilikuwa ya kwake. Mimi nilipewa ngazi, milango, magari yaliyoegeshwa, chumba cha kufulia nguo, na mawingu ya Texas, ambayo alisema yanataka mtu asiye na haraka. Nyuso alichora yeye na mikono alichora yeye, na mikono aliiacha ya mwisho kabisa, ukurasa mzima ukishakauka. "Uso unajua kudanganya," aliniambia siku ya kwanza, bila kuniangalia. "Mkono hauwezi. Kwa hiyo mikono usiiguse."

Sikuigusa. Ndiyo maana mwaka huu, alipopata kiharusi na ukurasa wa mwisho wa hadithi yake ukabaki kwangu, ukiwa na nafasi nyeupe pale mikono ilipotakiwa kuwa, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa karatasi yoyote. Wachapaji walikuwa wanausubiri. Wasomaji walikuwa wanausubiri. Na mimi ni mtu ambaye siwezi kutuma ujumbe wa simu bila kuufuta na kuuandika upya, hata ukiwa wa kusema niko njiani.

Nitamwita Mchoraji. Hakutaka jina lake liwekwe popote. Kazi zake alizitia saini ya neno moja, Jirani.

Hadithi yenyewe iliitwa Jirani wa Juu. Ilikuwa manga, yaani katuni za mtindo wa Kijapani, za rangi nyeusi na nyeupe, ila watu wake walizungumza Kiswahili na waliishi kwenye nyumba za kupanga za Irving, karibu na uwanja wa ndege, mahali ambapo ndege ikipita kila mtu hunyamaza, kisha huendelea na neno alilokuwa ameliachia njiani. Rehema anakaa chini. Hamadi anakaa juu. Siku moja Rehema anampelekea jirani mpya bakuli la maharage ya nazi. Hamadi ni mtu wa pwani, hawezi kurudisha chombo cha jirani kitupu, kwa hiyo analirudisha na kaimati. Rehema naye, aliyelelewa vivyo hivyo, hawezi kulipokea bakuli lenye kaimati akanyamaza, kwa hiyo linapanda tena na samaki wa kupaka. Basi. Hiyo ndiyo hadithi yote. Bakuli linapanda na kushuka, miaka inakwenda, wawili hawa wanapendana mpaka majirani wote wanajua, na hakuna anayethubutu kusema neno kwa sababu kila mara kuna chakula kinapoa.

Wasomaji waliisoma kwenye simu, sura kwa sura. Waliokuwa Arlington walibishana na waliokuwa Houston. Swali lilikuwa moja tu: siku ya mwisho, ndani ya bakuli kutakuwa na nini?

Mimi mwenyewe nilimuuliza. Alijibu, "Chora ngazi."

Alikuwa dereva wa basi dogo la kuwapeleka abiria uwanja wa ndege. Barabarani alikuwa hana simile. Alichukia kuchelewa, alichukia watu wanaochelewa, na alikuwa na tabia ya kugonga usukani kwa kidole kimoja taa nyekundu ikikawia. Lakini watu aliowachora walichelewa kwa kila kitu. Walichelewa kugeuka, walichelewa kufungua mlango, walichelewa kuelewa. Nilipomwambia hivyo alifikiri kidogo. "Mapenzi ndiyo hayo," alisema. "Mtu anafika kwa wakati kila pahala isipokuwa pamoja."

Manga ya kwanza aliyoishika maishani ilisahauliwa na abiria kwenye kiti cha nyuma. Aliitunza kwenye gari kwa muda, akitumaini mwenyewe atapiga simu, na mwenyewe hakupiga. Ilikuwa ya Kijapani, hakuelewa hata herufi. Lakini aliifungua kutoka upande wa kulia bila kuambiwa na mtu. "Mimi nimesoma juzuu za Kurani kabla sijasoma gazeti," alisema. "Kitabu kikianza kulia, mimi niko nyumbani." Akaanza kuiga picha zake kwenye migongo ya karatasi za safari, akisubiri abiria, na alipoanza Jirani wa Juu aliichora vilevile, kutoka kulia kwenda kushoto.

Mimi nilimpata kwa sababu ya kosa la mlango. Nilikuwa nimemwandikia Jirani kwamba mlango wa Rehema sura moja unafunguka kwa ndani, sura inayofuata unafunguka kwa nje. Niliogopa baada ya kuutuma ujumbe, nikataka kuufuta, akawa ameshajibu: Unajua kuchora milango? Nilijua. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kuchora kwenye maboksi yaliyoharibika ghalani Lewisville, ninakofanya kazi, na Kiswahili hiki ninachokiandika nimejifunza kwenye viputo vyake vya maneno, kwa kuwa nyumbani kwetu tunasema kile cha Bukavu, na kila ninapofungua mdomo mbele ya watu wa pwani nahisi wananihesabia makosa.

"Shikamoo, Mzee," nilisema mlangoni kwake, neno nililolifanyia mazoezi ndani ya gari.

"Marahaba. Wewe ndiye Mkongo wa milango?"

"Ndiyo, Mzee."

"Viatu vua. Miguu i baridi? Bibi, mpe soksi huyu."

Mkewe, ambaye nami nilimwita Bibi, alikaa nasi sebuleni kila nilipokwenda, kwa heshima na kwa udadisi. Yeye hakuchora hata mstari, lakini hakuna ukurasa uliotoka bila yeye. Mchoraji aliusukuma mezani hadi mbele yake na kujifanya anatafuta kitu. Bibi akitoa kicheko kidogo cha puani, Mchoraji alisema, "Zima taa," nami nilizima taa ya meza ya kuchorea. Maana yake ukurasa umekwisha. Haurudiwi, hautazamwi, hauguswi. Bibi asipocheka, taa ilibaki inawaka.

Mimi kuzima ile taa kuliniuma. Kila mara niliona kidaraja cha ngazi kilichopinda kidogo.

"Mzee, nirekebishe hapa tu."

"Zima."

"Kidogo tu, haitaonekana."

"Kama haitaonekana unarekebisha nini? Zima taa, mwanangu. Toka ndani ya nyumba ya watu, Rehema apumzike."

Sikuwahi kumsikia akimwambia mkewe neno tamu. Alimwita "we bibi" na alilalamikia chumvi. Alidharau tamthilia za mapenzi na aliziita upuuzi, akizisikiliza kutoka chumbani mlango ukiwa wazi. Lakini kila alasiri, kabla ya kugusa kalamu, alimenya chungwa, akatoa nyuzi zote nyeupe, moja moja, akaliweka kwenye kisahani mbele ya Bibi na kuondoka kama mtu aliyetupa taka. Bibi alikula bila kushukuru. Nilipowatazama ndipo nilipoelewa kwa nini kwenye manga yake hakuna anayeona haya mashavuni. Aliwachora masikio meusi. "Shavu analiona kila mtu," alisema. "Sikio hulioni mwenyewe. Hapo ndipo mambo hukaa."

Na mikono ya Hamadi na Rehema haikugusana. Hata mara moja. Bakuli lilishikwa na mmoja, likaachwa, likashikwa na mwingine. Hiyo ilikuwa sheria, na wasomaji waliiona na wakawa wanapiga kelele kwenye maoni kama watu wanaotazama mpira.

Msikitini hawakujua kwamba yeye ndiye Jirani. Walimjua kama mzee wa basi, anayechangisha kukiwa na msiba. Alinisimulia kwamba siku moja baada ya sala wanaume walikaa penye viatu wakisoma sura mpya, wakimtukana Hamadi.

"Mwanamume gani huyu?" alisema mmoja. "Miaka yote anabeba maharage."

"Angekuwa mwanangu ningemtia makofi. Au wewe mzee waonaje?"

"Hana maana huyo," Mchoraji akawajibu. "Mwandishi wake pia ana kasoro."

Alirudi nyumbani akiwa na furaha sana, akachora ukurasa mzima bila kulalamika.

Sasa nieleze jambo la kugeuza, maana ndipo mambo yalipobana.

Mwaka jana iliamuliwa kitabu kichapwe, chenye sura zote, kizinduliwe kwenye tamasha la Waswahili la Houston. Nilimpelekea mama yangu sura chache nilizochapa kwenye karatasi. Aliweka miwani, akasoma kwa makini, kutoka kushoto, kama anavyosoma Biblia yake. Alipomaliza alinitazama kwa huruma.

"Sasa awa batu," alisema, "uku mwanzo banapatana, uku mwisho abajuane. Iko nini ilibapata?"

Kwa mama yangu ilikuwa hadithi ya wapenzi wawili waliosahauliana polepole, hadi mmoja akahama na masanduku yake. Alisema ni nzuri lakini inahuzunisha.

Nilimsimulia Mchoraji nikitegemea atakasirika. Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mchoraji hakucheka. "Mama yako ni msomaji wangu," alisema. "Nisimtie tabu." Kwenye simu vijana walikuwa wamezoea, lakini kitabu ni cha kina mama, na kina mama wa Kongo na wa Kenya hawakupita kwenye juzuu. Tukakubaliana tugeuze kurasa zote kwenye kompyuta, kama kwenye kioo, zisomeke kutoka kushoto. Nami nikaandika upya maneno yote kwenye viputo, wiki baada ya wiki, nikipima nafasi kati ya herufi hadi macho yakaniwasha.

Nilipomaliza tulizitandaza kurasa mezani. Zilikuwa safi. Kwa mara ya kwanza maishani sikuona kitu cha kurekebisha. Bibi aliinama juu ya karamu ya Idi, ukurasa ninaoupenda kuliko yote, ambapo majirani wote wamekaa mkekani wakila pilau. Kisha akauliza, kwa upole, "Hawa jamaa wote ni mashoto?"

Tulitazama. Hamadi alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto. Rehema anakula kwa kushoto. Bibi kizee wa ghorofa ya tatu anamlisha mjukuu kwa kushoto. Kwenye kila ngazi, kwenye kila mlango, sura zote, bakuli lilitolewa kwa kushoto na kupokewa kwa kushoto, kwa tabasamu, kama watu wanaotukanana bila kujua.

Mchoraji aliweka mkono wake wa kulia juu ya meza, akautazama kana kwamba nao umegeuka. "Nimewalisha najisi watu wangu," alisema.

"Turudishe zilivyokuwa, Mzee. Ni kubonyeza tu."

"Na mama yako?"

Nikaanza kuzikusanya kurasa.

"Basi tunachora mikono," alisema. "Yote."

Alichora yeye, maana sheria haikubadilika. Mimi nilifuta na kuweka karatasi. Alirudi kutoka kazini akaswali akakaa. Machungwa yalimenywa haraka, yakiwa na nyuzi. Nilianza kuogopa nilipoona hilo. Alikuwa anakunja na kukunjua vidole, akisema vinakufa ganzi, na Bibi akisema, "Pumzika, bwana," naye akijibu, "Watu wako mezani, wanangoja kula." Mkono mmoja baada ya mwingine ukarudi kulia. Nilitamani kumwambia imetosha, hakuna atakayeona, na sikuweza, kwa sababu mimi ni yuleyule ambaye angeona.

Alimaliza. Ukabaki ukurasa mmoja tu, wa mwisho, ambao aliuchora mpya, kutoka kushoto. Mlango wa Rehema uko wazi, mlango wangu mimi, unaofunguka kwa ndani. Rehema amesimama upande mmoja, sikio lake jeusi. Hamadi upande wa pili, anakaribia kusema. Katikati yao, mikono na bakuli: nyeupe. "Kesho," alisema.

Asubuhi yake kikombe kilimwanguka mezani, na Bibi akaona mdomo umekwenda upande. Daktari alisema ni shinikizo la damu la miaka mingi. Mkono wa kulia haukurudi, na maneno yalirudi machache, yenye kona. Binti yao anayekaa Houston alikuja kuwachukua wote wawili. Meza ya kuchorea ilibaki kwangu, na taa yake.

Wachapaji walisema wanaweza kungoja hadi Jumatatu. Nilichora mikono. Niliinakili mikono yake kutoka sura za nyuma, nikaibandika pale, ikawa mikono ya maiti. Nilichora ya wenzangu ghalani wakati wa mapumziko, wakishika vikombe, wakinicheka. "Unatusomea viganja?" Nilichora ya mama yangu. Kila mmoja ulikuwa sahihi, na kila mmoja ulikuwa wa mtu mwingine. Na sikujua ndani ya bakuli mna nini. Nilifuta mpaka karatasi ikaanza kutoa manyoya. Hofu yangu ilikuwa ya wazi kabisa: kwamba kazi yote ya mtu huyu itamalizikia kwenye mkono wangu, na kila atakayefungua mwisho ataona mahali alipoondoka.

Jumamosi niliuweka ukurasa kati ya vipande viwili vya boksi na kuendesha gari hadi Houston. Sikuwasha redio. Nilifika mchana, jua limejaa mtaani, nikagonga, nikasikia hatua zinazoburuta, na kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Kisha mlango ukafunguka kwa ndani.

Alikuwa amekuja kufungua mwenyewe. Upande wake wa kulia aliuegemeza kwenye mlango, mkono umening'inia juu ya kitasa kama kitu alichokisahau hapo, na uzito wake wote ndio ulioushikilia mlango usirudi. Nikasema shikamoo. Alinyoosha mkono wa kushoto.

"Samahani," alisema, polepole. "Wa kushoto huu."

Niliupokea kwa mikono yangu yote miwili. Alikuwa ananitazama uso kwa uso, jambo asilolifanya kamwe, na nikajua nimesimama mbele ya kitu ninachopaswa kukikumbuka.

Bibi alituweka mezani, karibu na dirisha. Kulikuwa na chungwa kwenye kisahani, limemenywa vibaya, limebonyea, nusu ya maganda bado yapo. Alifuata macho yangu. "Ndivyo anavyomenya siku hizi," alisema, akala kipande pamoja na ganda lake.

Nilifungua boksi. "Mzee, ndani ya bakuli mna nini?"

Alifikiri, au alitafuta neno. "Tupu."

"Tupu?"

"Tupu."

Nilimgeukia Bibi, nikidhani amechanganya. Vyakula vya miaka yote, kaimati, samaki, pilau ya Idi, halafu Hamadi amrudishie mtoto wa watu bakuli tupu?

"Amechoka kupanda ngazi huyo," Bibi alisema. "Anataka kula hapohapo alipo."

Mchoraji alifunga macho, kukubali. Kisha aliichukua kalamu kwa kushoto, akaitazama, akanipa.

"Mikono siigusi, Mzee. Ulisema."

Hakuiondoa kalamu. Sikuweza kumwacha mzee amenyoosha mkono hivyo.

Nilichora nilichokiona mlangoni. Mkono wa kulia wa Hamadi umeshika mlango. Wa kushoto unatoa bakuli, limeinama kiasi cha kuonekana ndani, hakuna kitu. Mstari ulitetemeka kwenye karatasi iliyochoka, nikaona unatetemeka, nikauacha uende. Kwenye kiputo cha Rehema niliandika: Kwa kushoto, na tupu? Kwenye cha Hamadi: Wa kulia umeshika mlango. Naogopa utaufunga.

Niliusukuma ukurasa hadi mbele ya Bibi na kujifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Sikusikia kicheko cha puani. Nikatazama. Kidole gumba cha Hamadi kilikuwa kinene mno, na kifundo kimekaa vibaya. Ningehitaji dakika chache tu. Nilianza kunyoosha mkono.

"Huu naujua," Bibi alisema. Alikuwa ameweka kidole juu ya ule wa kushoto, unaotoa. "Huu ndio ulionimenyea asubuhi." Na hapo ndipo alipocheka, puani, kidogo, na Mchoraji akageuza uso dirishani, sikio lake likawa jekundu.

"Zima taa," alisema.

Hapakuwa na taa. Ilikuwa mchana wa Houston, jua lilifika hadi chini ya meza. Nilifunika kalamu, nikaurudisha ukurasa ndani ya boksi, na kile kidole gumba kama kilivyokuwa.